Mahindi ya Ndinda

Ujumbe ulipoingia kwenye kundi letu la simu, kwamba Madam Kasyoka anastaafu na kwamba sisi aliotufundisha kemia tumealikwa chakula cha mchana shuleni, sikuuliza hali ya Madam. Niliuliza nani mwingine anakuja. Jibu lilifika kabla sijaiweka simu mezani: Ndinda amethibitisha, tena Ndinda ndiye mgeni wa heshima. Nikaandika kwamba Jumamosi niko kazini, kisha nikaenda kupiga pasi rinda. Kazi yenyewe ni ya bima, hapa mjini Machakos, upande wa madai. Mtu akisema ng'ombe wake amekufa, mimi ndiye ninayetumwa kwenda kumwona ng'ombe. Chuo kikuu nilisomea falsafa, shahada ambayo mamangu akiulizwa kanisani husema, "Mueni alisomea mambo ya ofisi," na kwa kifupi nalipwa nisiamini. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo nililiamini tangu kidato cha tatu bila kulikagua hata mara moja, nalo ni kwamba Ndinda alichukua kitu changu mbele ya darasa zima, kwamba kila alichopata baadaye kilianzia hapo, na kwamba siku moja nitakuwa na nafasi ya kukidai.

Mwaka ule tulilala kitanda kimoja cha orofa, yeye juu, mimi chini. Bweni letu lilitazama milima, na mwezi wa saba ukungu uliingia kupitia dirisha lenye kioo kilichovunjika ukatulia juu ya masanduku kama mgeni asiyejua aketi wapi. Kulinuka viatu vibichi, siagi ya kupaka mkate na nguo za michezo. Ndinda alikuwa amehamia kwetu muhula wa kwanza kutoka Mlolongo, ambako kwao walikaa orofa ya tatu, na hakuwa amewahi kuona jembe likitumiwa na mtu anayemfahamu. Alikuwa na Kiingereza cha mfereji: akifungua, kinatoka. Changu kilikuwa cha kisimani. Ilinibidi niteremke, nichote, nipande nacho, na nikifika juu nusu imemwagika. Na shule yetu ilikuwa na sheria. Ukisikika ukiongea Kikamba unavishwa shingoni kipande cha mbao kilichofungwa kwa uzi, unatembea nacho mpaka umnase mwingine. Nilikivaa mara nyingi hivi kwamba wasichana walisema ni sehemu ya sare yangu. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema kwa sababu nimejiuliza miaka mingi kwa nini mambo mazuri niliyokuwa nayo kichwani nilikuwa nikiyasema kwenye foleni ya chakula na si darasani.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye paa la mabati, meza za simiti na mabomba ambayo yalikohoa kabla ya kutoa maji. Kulikuwa na mizani moja tu iliyofanya kazi. Madam Kasyoka aliihifadhi ndani ya kijisanduku cha kioo, na kwa kuwa hakutaka vidole vya wasichana hamsini viiguse, kila mwaka alichagua mmoja wa kupima kwa niaba ya wote. Aliitwa mtu wa mizani. Mtu wa mizani alikaa benchi la mbele, alibaki na Madam baada ya kipindi, na mashindano ya sayansi yakifika ndiye aliyekwenda kwa jina la shule. Nilikitaka cheo hicho kuliko nilivyotaka chochote mwaka ule. Wengine walidhani natafuta sifa. Ukweli ni kwamba nilitaka kusimama pale karibu na kitu chenyewe, nione kwa macho yangu kama haya tuliyoambiwa yana mizizi au ni hadithi tu za watu wenye makoti meupe.

Maana tuliambiwa jambo la ajabu. Tuliambiwa kuna kipimo kinachoitwa moli, na kwamba ndani ya moli moja ya kitu chochote, iwe chuma, chumvi au hewa, mna chembe sita nukta sifuri mbili mara kumi kipeo cha ishirini na tatu. Madam aliiandika namba hiyo bila vipeo, sifuri zote, ubao ukaisha akaendelea ukutani. Ukiwa na moli na unataka chembe, zidisha kwa namba hiyo. Ukiwa na chembe na unataka moli, gawanya. Wenzangu walinakili. Mimi niliinua mkono.

"Nani alizihesabu?"

Darasa likacheka. Madam, ambaye mlango ukifungwa alivunja sheria ya Kiingereza kabla yetu, aliniangalia juu ya miwani. "Hakuna aliyezihesabu, Mueni."

"Sasa tunajuaje?"

Siku iliyofuata alikuja na mfuko wa ndengu alioununua sokoni Tala. Akatuhesabisha konzi moja, ndengu mia moja, akazipima. Kisha akapima mfuko mzima. "Nani atakaa hapa ahesabu mfuko huu?" aliuliza. "Hakuna. Lakini najua mia moja zina uzito gani, najua mfuko una uzito gani, kwa hivyo nagawanya, na nakwambia idadi bila kukaa chini. Hakuna aliyehesabu. Ndiyo maana tunapima." Nilisema ndengu hazilingani, kuna nono na kuna zilizosinyaa. Akafurahi, nakumbuka vizuri alivyofurahi, akasema huo ndio uzuri wa atomu, kwamba kwao hakuna mtoto mnono na mtoto mwembamba. Miaka kadhaa baadaye nilikuja kujua kwamba hata atomu za kitu kimoja hutofautiana uzito kidogo, na kwamba hapo alipunguza ukweli ili tupite. Lakini asubuhi ile nilirudi kwenye benchi nikiwa na hakika kwamba mizani ni yangu. Mwalimu hamletei mtu ndengu kutoka Tala bure.

Wiki iliyofuata alitupa jaribio la swali moja. Nusu moli ya gesi ya oksijeni ina atomu ngapi? Sote tuliandika nusu ya ile namba ndefu. Sote tulikosa. Madam aliyarudisha makaratasi bila kukasirika, akasema mtu yeyote atakayemwambia kesho tumekosea wapi atajua pia ataketi wapi mwaka huu. Kila mtu aligeuka akatazama benchi la mbele, lililokuwa tupu bado, na mimi niligeuka nikamtazama Ndinda, ambaye alikuwa akitazama dirishani.

Jioni hiyo chakula kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, na kama kawaida kilikuwa na wadudu. Bwalo lilikuwa refu, lenye giza la moshi upande wa jikoni, na sauti za vijiko juu ya sahani za bati ziliwafanya wasichana waongee kwa kupaza sauti hata siri. Sisi tuliozoea tulikula bila kutazama. Ndinda alitazama. Alikuwa akiwatoa fukusi mmoja mmoja na kuwapanga kwenye ukingo wa sahani.

"Umefungua soko la mifugo?" nikamuuliza.

"Wewe unawala?"

"Wakishaiva ni nyama. Hawa wa Mlolongo mtakufa njaa." Akasonya, lakini alikuwa akicheka. Nikamwambia kwetu Wamunyu mahindi ya mbegu hayaingiwi na mdudu, kwa sababu susu, nyanya yangu, huyafunga mawili mawili na kuyatundika kwenye boriti juu ya meko, yanakaa kwenye moshi mpaka mvua ije, meusi kama wachawi. Nikamwambia kwamba yakiwa huko juu hayahesabiwi kwa hindi, yanahesabiwa kwa fundo. Susu akisema lete matano, unashusha mafundo matano. Binamu yangu alikuja kutoka mjini, akatumwa matano, akayafungua, akaleta mahindi matano mkononi, moja limebaki peke yake juu linaning'inia. Susu alisema, "Aiya, huyu amemwacha mjane." Ndinda alicheka mpaka fukusi wawili wakaanguka mezani.

Asubuhi Madam hakuwa amemaliza kuuliza swali wakati mkono wa Ndinda ulipoinuka. Nilikuwa nimelala vibaya, nilikuwa na jibu fulani linalozungukazunguka lisilotua, na mkono wangu ulikuwa nusu njia.

"Madam, ni kama mahindi ya mbegu," alisema Ndinda. "Yanafungwa mawili mawili. Ukiambiwa lete matano unaleta mafundo matano, lakini mahindi ni kumi. Oksijeni haikai peke yake, inakaa mbili mbili. Moli ya gesi inahesabu mafundo, sisi tumeulizwa mahindi."

Madam alikaa kwenye stuli. Hakuwa mtu wa kukaa. "Kwa hivyo nusu moli?"

"Nusu ya mafundo, mara mbili. Tunarudi kwa ile namba yote, Madam."

Kuna kimya ambacho darasa hunyamaza pale kila mtu anapoelewa kwa wakati mmoja, na kwa bahati mbaya nilikuwa ndani yake. Nilielewa pia. Nilielewa kabisa, kutoka mdomoni mwake, kwa mahindi yetu, kwa moshi wetu, kwa kicheko cha susu wangu, na nilihisi kama mtu aliyekutana na rinda lake sokoni limevaliwa na mwingine na linamkaa vizuri zaidi. Nilimngoja aseme, "Mueni ndiye aliniambia." Hakusema. Nadhani hata hakufikiria. Alibeba vitabu vyake akaenda benchi la mbele, na alipopita karibu nami alinikonyeza.

Tangu siku hiyo mwaka wote ulikuwa na ladha moja. Nilimwona akiinua kile kioo cha mizani kwa vidole viwili, akikata pumzi ili sindano itulie, na nilijikuta nami nimekata pumzi. Nilijua ni siku gani anabaki na Madam na ni muda gani wanachukua. Akiwa na mafua nilipata nafuu. Nikisikia watu wakisema "mahindi ya Ndinda," maana ndivyo mfano ule ulivyoitwa mara moja na hata na wasichana wa vidato vingine, nilikuwa nikirekebisha kitu ambacho hakikuhitaji kurekebishwa, kola au soksi. Usiku alikuwa akininong'onia kutoka juu, "Mueni, umelala?" na nilikuwa macho, na sikujibu. Sijui kama wivu ni neno linalotosha. Watu husema mwenye wivu anataka cha mwenzake. Mimi nilitaka changu, na nilikuwa nikikitazama kikikua vizuri kwa mwingine, kinalishwa, kinang'aa, hakinikumbuki.

Siku moja nilitumwa kupeleka madaftari ofisi ya walimu, na mlango ulikuwa wazi kiasi. Madam Kasyoka alikuwa akinywa chai na mwalimu wa hesabu. "Huyo Ndinda atafika mbali," alisema. Mwalimu wa hesabu akauliza, "Na huyu wako wa maswali?" Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni. "Mueni? Mueni ataishi akiuliza." Niliweka madaftari sakafuni nje ya mlango nikaenda. Nimeigeuza sentensi hiyo kila upande tangu hapo. Chuoni, mhadhiri mmoja alipotuambia kuuliza ni kazi ya maisha, nusura nitoke nje ya ukumbi. Ndinda alikwenda kwenye mashindano, akazishinda shule zenye maabara ya maana, na mwisho wa mwaka tulipiga picha ya darasa ambamo yeye anacheka na mimi natazama kando, kama mtu aliyeitwa.

Basi Jumamosi nilikwenda. Walikuwa wameweka hema uani, pilau, mbuzi, chapati, soda zilizopoa nusu. Madam alikuwa amepungua, amevaa kitenge kipya, akishikwa mkono na kila mtu. Ndinda anafanya kazi Nairobi katika maabara inayopima maji. Alikuja na gari lake, amevaa viatu vya chini, amenenepa kidogo, na nilichukia kwamba unene ule ulimpendeza. Alinikumbatia kabla sijaamua.

"Si ulisema uko kazini?"

"Kazi iliisha."

Tulikaa meza moja. Nilikuwa nimejiandaa, na sikutaka kungoja mpaka soda ziishe. "Ndinda, unakumbuka ulikotoa yale mahindi?"

"Kwako," alisema, akimega chapati. "Kwani ningetoa wapi? Mlolongo?"

Alisema hivyo tu, bila hata kuacha kutafuna. Miaka yote ile, na dai langu likakubaliwa kabla sijafungua faili. Nilipaswa kufurahi. "Nilikueleza mambo ya oksijeni," nikasema, "halafu wewe ukaenda ukasema."

Aliacha chapati. "Oksijeni? Mueni, ulikuwa unaniambia wadudu. Nilikuwa nawapanga kwa sahani, ukanicheka, ukaniambia kwenu hakuna fukusi sababu ya moshi. Na hadithi ya mjane. Oksijeni nilifika nayo mwenyewe, kitandani. Nilikuita usiku uleule nikuambie. Hukujibu."

Nimefanya kazi hii ya madai kwa muda wa kutosha kumjua mtu anayetunga, na hakuwa akitunga. Niliingia kwenye kumbukumbu yangu kumtafuta yule ng'ombe. Nilikuta bwalo, nikakuta sahani, nikakuta fukusi wakianguka mezani na susu akisema amemwacha mjane. Nilitafuta oksijeni kila mahali, chini ya meza, kwenye moshi. Haikuwepo. Nilikuwa nimeiweka mimi, baadaye, na nikailinda miaka yote kama mali. Ungedhani hapo wivu ungeisha. Haukuisha. Ulibadilisha kiti tu, maana sasa nilimwonea wivu kwa kitu ambacho kilikuwa chake kweli.

Baada ya hotuba tuliongozwa maabara, kidato cha tatu cha sasa watuonyeshe kipindi cha kumuaga mwalimu wao. Mabomba bado yanakohoa. Mizani sasa ni za umeme, ziko tatu, hakuna mtu wa mizani tena. Msichana mdogo aitwaye Syombua alisimama mbele na mahindi mawili makavu, maganda yamekunjwa nyuma, yamefungwa pamoja kwa kamba ya nailoni ya buluu, ile ya kufungia magunia. "Haya," alisema, "ni mahindi ya Ndinda," na darasa likapiga makofi na Ndinda akafunika uso akicheka. Syombua akaeleza mafundo na mahindi, molekuli na atomu, zidisha, gawanya, vizuri kabisa. Alipomaliza hakuketi.

"Madam, niko na swali. Kamba ni nini?"

Madam Kasyoka akamtazama Ndinda, na Ndinda akasogea mbele, mgeni wa heshima. "Kamba ni bondi. Kinachoshikilia atomu mbili pamoja. Ni elektroni."

"Za nani?"

"Zao wenyewe. Kila moja inatoa, zinashiriki."

Syombua aliinua mahindi, akaitazama ile nailoni. "Sasa mbona hii imetoka nje?"

Wenzake wakacheka, jinsi nilivyokuwa nikichekwa mimi. Ndinda akatabasamu, tabasamu la mtu anayezungumza na wageni ofisini. "Huo ni mfano tu, mami. Mfano haufiki kila mahali."

"Unafika," nikasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, na sikujua kwamba nitasema. Nilienda mbele, nikamwomba Syombua mahindi. Nikaifungua ile nailoni, nikaiweka mfukoni. Maganda yalikuwa makavu, yangekatika, kwa hivyo nikayalowesha chini ya bomba, kama susu alivyoyanyunyizia maji kwa vidole akiwa amekaa kwenye kigoda. Kisha nikavuta maganda mawili kutoka hindi hili na mawili kutoka hindi lile, maana ganda moja kila upande halishiki, nikayasokota pamoja, nikayafunga. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Nikayatundika kwenye stendi ya chuma, yakaning'inia, na hakukuwa na kitu chochote pale ila mahindi.

"Kwetu hatutumii kamba," nilimwambia Syombua. "Yanafungwa kwa maganda yake."

Madam alivua miwani. "Na mimi miaka hii yote nafunga na nailoni," alisema taratibu. Syombua alikuwa ameshika lile fundo akiliangalia chini na juu, anatafuta mahali pa kutoamini.

Ndinda hakucheka. Alikuwa ameinama, macho yake kwenye fundo, na niliona midomo yake ikihesabu: mawili kutoka huku, mawili kutoka kule. Kemia niliiacha zamani, lakini hata mimi nakumbuka kwamba katika oksijeni kila atomu hutoa elektroni mbili za kushiriki na mwenzake. Mimi nilikuwa nimefunga tu kama nilivyofundishwa. Yeye alikuwa ameliona kabla yangu, tena. Lakini alipoinua uso, sura aliyokuwa nayo niliifahamu vizuri kuliko mtu yeyote katika chumba kile; niliivaa mwaka mzima, kitanda cha chini, macho yakiwa wazi.

"Hukuniambia hiyo," alisema.

"Hukuniuliza," nikasema.